Uzi: Kutoa kitasa cha swichi kwenye gari la zamani. Kitoe wakati ufunguo bado unazunguka

Tindo na Tupa

Wakuu, heshima kwenu. Maswali ya ufunguo kugoma kwenye magari ya zamani yamekuwa mengi, na majibu mengi yanaanza na drili. Naomba tuliweke jambo hili sawa, maana kuna gari nzuri zimeharibiwa usukani, dashibodi na nyaya kwa kazi ambayo ingekwisha kwa kipande cha waya.

Hoja yangu ni hii. Karibu kila kitasa cha swichi kimetengenezwa ili kitoke kikiwa na ufunguo wake ndani, tena ufunguo ukiwa umezungushwa hadi hatua fulani. Huo ndio ulinzi wenyewe: asiye na ufunguo hawezi kuifikia pini inayokishikilia. Sasa siku ufunguo utakapokataa kabisa kuzunguka, njia ya kukitoa kwa ustaarabu nayo imekwisha. Kinachobaki ni kukata chuma. Kwa hiyo ufunguo ukianza visa, leo unakubali, kesho mpaka uutikisetikise, usiahirishe. Kitoe sasa.

Kabla ya kushika spana, jua kilichoharibika. Pale unapochomeka ufunguo kuna vitu vitatu vilivyoshikana. Kuna kitasa chenyewe, ile silinda yenye vibati vya shaba vinavyopanda na kushuka kufuata meno ya ufunguo. Kuna loki ya usukani, kipande cha chuma kinachoruka na kuingia kwenye tundu la mhimili wa usukani ukichomoa ufunguo. Halafu nyuma kabisa kuna swichi ya umeme, ambayo haijui chochote kuhusu meno ya ufunguo. Yenyewe inazungushwa tu na ulimi wa silinda.

Ufunguo ukizunguka vizuri lakini taa za dashibodi hazitulii, au stata inaitika ukibonyeza ufunguo pembeni, mgonjwa ni swichi ya umeme. Mara nyingi hiyo hutolewa kwa skrubu mbili tatu kutoka nyuma, kitasa hukigusi. Ufunguo usipozunguka, anza na usukani: tairi zikiwa zimepindishwa upande au zimeegemea ukingo wa barabara, mhimili unaikandamiza loki na silinda haitoki ilipo. Sukuma usukani kidogo kushoto na kulia huku unazungusha ufunguo kwa vidole viwili tu. Ukikubali, kitasa huenda ni kizima kabisa.

Mwaka wa gari nao ni muhimu. Gari nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina swichi kwenye dashibodi na hazina loki ya usukani hata kidogo. Marekani kanuni ya usalama namba 114 ilianza kulazimisha kinga ya wizi ya namna hii kwa magari ya abiria kuanzia Januari 1, 1970, na General Motors wakatangulia kwa modeli za 1969. Ulaya wengine walikwisha kuanza kabla ya hapo. Ndiyo maana maelekezo ya gari la 1965 yanaweza kukupoteza kabisa kwenye la 1972 lenye jina lilelile.

Betri lazima itolewe waya. Hapa wengi wanasema "toa hasi kwanza" bila kufikiri. Gari nyingi za Uingereza za kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 zina bodi iliyoungwa kwenye chanya. MGB na Land Rover Series IIA zilibadilishwa kwenda hasi mnamo 1967. Kwa hiyo fuata waya unaokwenda kwenye bodi, uwe wa alama gani, huo ndio utoe kwanza na urudishe mwisho. Waya wa betri unaofika kwenye swichi kwenye gari nyingi za enzi hizo haupiti kwenye fyuzi. Bisibisi ikigusa hapo na bodi kwa pamoja, unawaka waya wote mpaka nyuma ya dashibodi.

Karibuni, kila mtu aseme gari lake.

Dizeli Taratibu

Asante sana mkuu. Mimi nina Mercedes W123, 240D. Ufunguo unagoma asubuhi, ikishafika mchana unakubali. Fundi mmoja kaniambia nipulizie mafuta nisahau. Nifuate ushauri huo?

Tindo na Tupa

Ndugu yangu, usisahau hata siku moja. W123 ni gari la kudumu, zilitengenezwa tangu 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980 na nyingi bado zinatembea, lakini kitasa chake ndicho kinacholaza watu barabarani. Kikifa ufunguo ukiwa kwenye 0, yaani hatua ya kuzima, usukani umefungwa, gari haliwaki wala halivutiki. Na pete inayolinda silinda ni chuma kigumu kweli, drili ya kawaida inateleza juu yake na kuishiwa makali.

Fanya hivi. Toa waya wa betri. Weka ufunguo, zungusha hadi hatua ya 1, uache hapo. Ukiangalia kwa karibu utaona pete nyeusi imezunguka uso wa silinda, na kati ya pete na silinda kuna kijishimo chembamba. Chukua waya mgumu wa chuma, unene kama milimita 2, unoe ncha kwa tupa ikae mshazari ili ipite chini ya kizuizi. Ingiza waya, sukuma mpaka uhisi kimeachia, halafu fungua pete kinyume cha saa kwa mkono. Pete ikitoka, shika ufunguo na uvute. Silinda inakuja nayo. Isipokuja usivute kwa nguvu, hakikisha kwanza ufunguo uko sawasawa kwenye 1. Tofauti ya nyuzi chache tu inatosha kuizuia.

Ukiishika mkononi utauona ugonjwa wenyewe. Vibati vya shaba vimelika ncha, vingine vinakwama kwenye tope jeusi la mafuta na vumbi. Ndiyo matokeo ya "pulizia usahau". Mafuta hulainisha wiki kadhaa, kisha hukusanya uchafu na kuugeuza gundi. Kitasa kinataka unga wa grafaiti, au kilainishi kikavu. Ikibidi upulizie mafuta ya kupenya ili ufike nyumbani, pulizia, lakini kioshe baadaye.

Jambo jingine: usichongeshe ufunguo mpya kwa kunakili huo ulionao. Utakuwa unanakili uchakavu. Ufunguo wa W123 ni uleule wa milango, na silinda mpya inaweza kuagizwa ilingane na namba ya fremu ya gari, kwa hiyo ufunguo mmoja utaendelea kufungua kila kitu. Mwenye karatasi za umiliki hatapata shida.

Dizeli Taratibu

Nashukuru. Na kama leo jioni utagoma moja kwa moja kabla sijafanya?

Tindo na Tupa

Usikate tamaa haraka, na usiuzungushe kwa plaizi. Ufunguo utakatikia ndani. Kinachosaidia ni mtetemo. Zungusha kwa shinikizo dogo la kudumu huku mtu anagongagonga kichwa cha ufunguo taratibu kwa mpini wa bisibisi. Wengine hutumia kile kifaa cha umeme cha kuchora maandishi kwenye chuma, wanakigusisha kwenye ufunguo na vibati vinacheza mpaka vinapangana. Inaweza kuchukua muda mrefu. Ukikubali kuzunguka hata mara moja, acha hapohapo kwenye 1, usijaribu kuona kama utarudia. Toa silinda muda huohuo.

Kazi Moja

Wakuu mnajichosha. Mimi natoboa, natoa kila kitu, naweka kitufe cha kubonyeza na swichi ya kawaida chini ya dashibodi. Nusu saa gari linawaka. Gari la zamani hilo, nani ataliiba?

Tindo na Tupa

Kaka Kazi Moja, naheshimu mikono yako, lakini hapa sikubaliani nawe hata kidogo, na nitasema kwa nini.

La kwanza ni usukani. Ukitoboa silinda na kuiacha loki ikining'inia, umeweka chuma chenye springi karibu na mhimili unaozunguka. Silinda na ufunguo ndivyo vilivyokuwa vinakizuia kisiruke. Kikiruka gari likiwa kwenye mwendo, usukani unafunga kwenye kona. Kama loki haifanyi kazi, aidha itengenezwe ikamilike, au itolewe yote na mwenye gari ajue sheria ya mahali pake inasemaje kuhusu gari la mwaka huo. Katikati ya hapo hakuna.

La pili ni nyundo. General Motors walileta nguzo ya usukani inayokunjika wakati wa ajali kwenye modeli za 1967, na wengine wakafuata. Ndani yake kuna pini ndogo za plastiki zinazokatika gari likigonga ili nguzo ijikunje isimchome dereva. Ukigonga nguzo hiyo kwa nyundo ukitafuta kitasa, unaweza kuzikata pini hizo hapo ulipoegesha. Usukani unaanza kucheza, na siku ya ajali nguzo haifanyi kazi iliyokusudiwa.

La tatu ni umeme. Vitufe vingi vinavyowekwa chini ya dashibodi havina uwezo wa kubeba mkondo wa swichi ya gari. Kinapata joto, plastiki inalainika, na waya huo hauna fyuzi. Ukitaka kitufe, weka na relei, yaani swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa, kitufe kibebe mkondo mdogo tu.

Na kuhusu nani ataliiba: gari lisilo na kompyuta wala kinga ya kielektroniki ndilo jepesi kuliko yote kuondoka nalo. Kitasa kizima na loki ya usukani ndiyo kinga pekee lililotoka nayo kiwandani.

Kazi Moja

Hilo la loki kubaki inaning'inia nakubali, sikuwa naliangalia hivyo. Lakini kuna gari vitasa vyake havipatikani tena. Mtu afanyeje?

Tindo na Tupa

Swali zuri. Silinda nyingi za zamani zinaweza kuokolewa. Ikishatoka, fundi wa funguo anavua vibati, anaviosha, anabadilisha vilivyolika kwa vyenye urefu sahihi, anarudisha springi. Nyumba ya nje ndiyo inayotisha, kwa sababu nyingi zimemiminwa kwa aloi ya zinki, nayo ikipasuka haichomeleki vizuri. Hiyo nayo ni sababu ya kutogonga.

Farasi 67

Nina Ford Mustang ya 1967, swichi iko kwenye dashibodi. Nimesikia inatoka kwa kibanio cha karatasi. Ni kweli?

Waya Mwekundu

Ni kweli kabisa, acha nimjibu huyu. Kwenye uso wa silinda kuna kitundu kidogo pembeni ya tundu la ufunguo. Weka ufunguo, zungusha kushoto kwenye hatua ya redio. Ingiza ncha ya kibanio kilichonyooshwa kwenye kitundu, sukuma, na ukiwa umesukuma endelea kuzungusha ufunguo kushoto zaidi ya pale unapoishia kawaida. Vuta. Kitasa kinatoka kizima, dashibodi haijaguswa. Swichi ya umeme inabaki nyuma. Ukitaka kuitoa, fungua pete ya mbele huku umeishika kwa nyuma.

Modeli ya 1970 usijaribu hivyo, kitasa kilihamia kwenye nguzo ya usukani.

Toyota za zamani nyingi nazo zina mpango unaofanana: ufunguo kwenye ACC, yaani hatua ya redio, sindano kwenye kitundu cha pembeni mwa nyumba, unabonyeza pini, unavuta.

Tindo na Tupa

Asante Waya Mwekundu. Niongeze la GM za 1969 na kuendelea, kwa sababu hizo haziko hivyo. Kitasa kimekaa juu ya nguzo, na njia ya kukifikia inapita juu: unatoa usukani kwa kifaa chake cha kuuvuta, unakandamiza sahani ya loki ili utoe pete yake ya springi, unasogeza swichi ya indiketa, ndipo unaliona tundu. Za 1969 hadi 1978 kitasa kinashikiliwa na ulimi wa springi unaobonyezwa kwa bisibisi nyembamba. Kuanzia 1979 ni skrubu, na skrubu hiyo ikidondokea ndani ya nguzo utaitafuta kwa machozi. Ishike kwa sumaku kabla haijamaliza nyuzi zake. Usukani usiupige kwa nyundo kuutoa, sababu nimeshaisema.

Msafiri wa Series

Salaam wazee. Land Rover yangu ni Series III. Nyumba ya swichi imefungwa kwenye nguzo kwa bolti ambazo hazina kichwa, ni mviringo mtupu. Zilifungwaje na zinafunguliwaje?

Tindo na Tupa

Hizo ni bolti za kukatika kichwa. Kiwandani zinakazwa mpaka shingo inakatika, kichwa kinaanguka, linabaki duara laini ambalo spana haishiki. Zipo kwenye gari nyingi zenye loki ya usukani za miaka ya 1970, za Uingereza na za kwingine.

Zinatoka, na mara nyingi kwa urahisi kuliko zinavyoonekana, kwa sababu hazikukazwa kupita kiasi. Zilikazwa hadi shingo ikatike tu. Anza na njia laini. Piga alama karibu na ukingo wa duara kwa ponchi yenye ncha, kisha elekeza tindo ndogo kwenye alama hiyo na ugonge kwa mkato kuelekea kinyume cha saa. Mapigo madogo, mengi. Ukiona duara limesogea hata unywele, kazi imekwisha, malizia kwa koleo au kwa vidole.

Isiposogea, piga alama katikati kabisa na utumie ncha ya drili inayokata kinyume, ile ya mkono wa kushoto. Uzuri wake ni kwamba inatoboa huku inafungua. Mara nyingi bolti inaanza kutoka yenyewe kabla shimo halijakamilika. Nafasi ikiruhusu unaweza pia kuchora mfereji kwa diski ya kukatia chuma na kutumia bisibisi bapa. Mapigo yote haya yawe madogo na ya pembeni, uwe umeegemeza nyumba kwa mkono au kipande cha mbao, nguzo isipokee nguvu.

Wakati wa kurudisha, ingiza bolti mpya lakini usizikate. Kaza kwa mkono, rudisha betri, jaribu hatua zote za ufunguo. Zungusha usukani mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia ukisikiliza kama loki inagusa popote. Chomoa ufunguo, hakikisha loki inashika. Rudisha, hakikisha inaachia kabisa. Tembea taratibu mahali pa wazi. Ukiridhika ndipo uzikaze mpaka vichwa vikatike.

Waya Mwekundu

Kabla watu hawajavuta nyaya, nami niseme langu. Piga picha. Halafu funga kila waya karatasi yenye namba ya mahali ulipotoka, kwa sababu rangi za kitambaa na plastiki ya miaka hamsini zinafanana zote.

Kwenye gari za Ujerumani namba zimeandikwa kwenye swichi yenyewe: 30 ni umeme wa betri usiokatika, 15 ni unaokuja ufunguo ukiwashwa kwenda koili, ile inayotoa umeme wa cheche, na vinginevyo, 50 ni wa kuamsha stata. Kwenye gari za Uingereza zenye nyaya za kampuni ya Lucas, kahawia ni wa betri, mweupe ni wa ufunguo ukiwashwa, mweupe wenye mstari mwekundu unakwenda kwenye stata. Ukichanganya 15 na 50, stata itazunguka bila kukoma au injini itawaka na kuzima pale unapoachia ufunguo. Hiyo ya pili watu hubadilisha koili na platini bila sababu, wakati tatizo ni waya uliokaa siko.

Dizeli Taratibu

Wakuu, nimerudi. Silinda imetoka kama ilivyoelezwa. Sasa nyuma ya nyumba ya loki nimeona mirija miwili ya mpira, siyo nyaya. Ni ya nini?

Tindo na Tupa

Hongera sana ndugu, nimefurahi. Hiyo ni ya vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa, na ni vizuri umeiona kabla hujaenda mbali. Dizeli haizimwi kwa kukata umeme wa koili, kwa kuwa haina koili. Kwenye 240D ukizima ufunguo, nyumba hiyo inafungulia vakyumu iende kwenye pampu ya dizeli, nayo inakata mafuta. Kama unabadilisha silinda peke yake, mirija usiiguse. Kama nyumba nzima inatoka, weka alama kila mrija kabla ya kuuchomoa. Ukiigeuza, au mmoja ukiwa umepasuka, gari litawaka vizuri na litakataa kuzima hata ukichomoa ufunguo.

Likikataa, usiogope. Fungua boneti, kwenye injini kuna mkono mdogo umeandikwa STOP. Usukume na ushikilie hadi injini itulie.

Karatasi Mkononi

Habari za kazi. Nimenunua gari la 1974, limekaa bandani muda mrefu, na ufunguo haupo kabisa. Nilizo nazo ni karatasi tu. Nianzie wapi? Naona video za kuchomeka bisibisi na kuzungusha.

Tindo na Tupa

Achana na hizo video, ndugu. Bisibisi inakata vibati vyote kwa mara moja na kupanua mdomo wa silinda, hapo hata fundi bingwa hawezi kukuokolea kitasa.

Anza kwa kutafuta namba ya ufunguo. Gari nyingi za enzi hiyo zilitumia ufunguo mmoja kwa swichi na milango, na namba mara nyingi imegongwa kwenye silinda ya mlango au kwenye mkono wake, sehemu inayoonekana ukiutoa. Kitasa cha mlango kinatoka kirahisi mlango ukiwa wazi, cha swichi hakitoki. Fundi wa funguo akipata namba, au hata silinda ya mlango yenyewe mkononi, anaweza kuchonga ufunguo kwa vipimo vya awali, siyo vya uchakavu. Nenda naye na karatasi zako za umiliki. Fundi makini atazidai kabla hajaanza, na afanye hivyo.

Ukipata ufunguo huo usiuzungushe siku hiyohiyo. Kitasa kilichokaa miaka kinahitaji kupulizwa vumbi, kilainishi kikavu, ufunguo uingie na kutoka mara nyingi bila kuzungushwa, mpaka uhisi vibati vinapanda na kushuka bila kusita. Halafu legeza usukani kama nilivyosema mwanzo, na uzungushe kwa vidole viwili. Ukifika hatua ya kwanza, simama hapo, angalia mwaka na aina ya gari lako utuambie ni lipi, tukuelekeze pini iko upande gani.

Karatasi Mkononi

Ni Peugeot 504. Kesho natoa kitasa cha mlango wa dereva, nitaweka picha hapa.